Marejesho mawili ya mwisho na ngoma ya Tandahimba

Kwenye mambo ya madeni watu wanasimulia walivyoingia, au siku waliyomaliza. Ile miezi ya mwishoni mwishoni hamna anayeisema, na mimi hiyo ndo ilinitoa jasho kuliko yote. Naongelea Novemba 2024, nilikuwa nimebakiza marejesho mawili tu.

Deni lenyewe lilianza Agosti 2023. Mdogo wangu wa kiume yuko Tandahimba huko, ana mikorosho yake na enzi hizo alikuwa anaendesha na bodaboda, akagongwa usiku mguu ukavunjika sehemu mbili, wakampeleka hospitali ya Ndanda akawekewa vyuma. Bima yangu ya ualimu inawabeba watoto wangu na mama, mdogo mtu haimo. Benki nina mkopo wa kujengea, kuna na asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakatwa, ukijumlisha ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria inasema lazima ibaki ilikuwa imeshafikiwa, na mtumishi ukifika hapo benki hawakuongezi hata shilingi. Ikabaki mtaani. Milioni mbili, narudisha milioni tatu na laki mbili, laki mbili kila mwezi kwa miezi 16, na kadi ya benki inabaki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri.

Walimu wenzangu mnaijua hii. Siku naacha kadi alivuta droo nikaona nyingine zimefungwa rababendi kama karata, kila moja ina kipande cha plasta ya kidonda kimeandikwa jina na namba kwa peni ya bluu, na majina mengine nawajua, tunapishana nao sokoni Chikongola hapa Mtwara mjini tunasalimiana vizuri tu. Mshahara ukitoka yeye ndo anatangulia kwenye mashine, anachukua chake, afu anakupigia uje kuchukua kilichobaki. Kilichobaki changu ilikuwa laki mbili na nusu, na nina watoto wawili.

Tukaanza kuishi humo. Mchezo wa mwezi na wenzangu nikajitoa, king'amuzi kikazimwa, pasi ikawa Jumapili tu nanyoosha za wiki nzima kwa mkupuo mmoja ili LUKU isogee. Bajaji ya kwenda shule nikaiacha, natoka Magomeni kwa mguu asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Unga nikawa nachanganya wa makopa, ile mihogo mikavu, na sembe, ugali unakuwa mzito unakaa tumboni. Samaki nafuata Feri jioni jioni wakati wauzaji wanataka kufunga, hapo fungu la asubuhi unalipata kwa bei ambayo asubuhi ungefukuzwa. Kisamvu kiko uani, mbaazi kavu ananitumia mama kutoka kijijini, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ukifika watoto wanashindia hiyo na chai ya rangi wala hawalalamiki.

Nazi ndo ilinifundisha kazi. Zamani nazi moja ilikuwa mboga moja. Nikawa nakuna nusu, nusu ya pili naifunika na kifuu chake kwa ajili ya kesho, tui la kwanza naliweka pembeni, la pili na la tatu ndo linachemshia mbaazi mpaka ziive, afu lile zito linaingia mwishoni kabisa nikikaribia kuepua. Ladha iko pale pale. Wali ulikuwa Ijumaa tu, na mwanangu wa mwisho akawa anazijua siku za wiki kwa huo wali.

Sasa 2024 korosho ikalipa. Msimu uliotangulia bei ilizungukia elfu mbili hivi, safari hii minada ya Oktoba tu kilo ikavuka 4,000. Nyie wa mikoa mingine sijui kama mnaelewa bei ikiwa vile Mtwara inakuwaje, vijiji vinachangamka, pikipiki mpya, mabati yanapanda juu ya nyumba, na likizo ya Desemba ndo mabinti waliochezwa unyago wanatolewa kwa hiyo kila wikiendi kuna ngoma. Mdogo wangu mguu umepona, amepulizia mikorosho salfa mwenyewe, amevuna, binti yake wa kwanza kamaliza la saba anachezwa unyago. Akanipigia, "Dada, mwaka huu tunamtoa mwanao, uje tupange."

Wiki hiyo hiyo na mkopeshaji akapiga. "Mwalimu, wewe hujawahi kunisumbua, unakaribia kumaliza, nikuongezee laki tatu? Unachukua leo leo, maana kadi si iko hapa hapa." Sauti laini kabisa. Wanaujua msimu hawa, wanajua Desemba kuna ngoma na Januari kuna shule, na mtu akikaribia kutoka ndo wanamfungulia mlango wa pili. Nikamwambia nitamjibu. Sikumkatalia, mana kichwani nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya sare.

Nikaenda Tandahimba Jumamosi. Baada ya Mnivata tulikula vumbi, barabara ilikuwa bado inajengwa, nikafika nguo zote nyekundu. Jioni tumekaa uani kwenye mkeka mimi, mama, wifi na yeye, akatoa daftari la shule la binti lililobaki kurasa za nyuma. Mbuzi wawili, mchele kilo mia, muziki wa kutoka Masasi laki tano, vitenge vya sare za ukoo, maji maana huko juu maji ya kununua. Chini yake majina ya wachangiaji, na jina la kwanza kabisa, limepigiwa mstari: Dada Mwalimu, laki tatu na sare yake.

Niliangalia ule mstari muda mrefu. Kwenye kijiji kile mtu mwenye mshahara ni mimi peke yangu, na shangazi asipoonekana kwenye kutunza mwali inasemwa mpaka mtoto anazaa. Na pesa ilikuwepo, ilikuwa ni kumpigia mkopeshaji simu tu.

Nikamwambia. Ile pesa ya Ndanda wakati ule nilimwambia nimekopa chama cha walimu, alikuwa kitandani na vyuma mguuni ningemwambia nini kingine. Nikamweleza kadi iko wapi, na plasta, na nazi nusu nusu, na hiyo simu ya laki tatu. Akauliza taratibu, "Kadi yako iko kwa mtu, dada? Mpaka sasa hivi?" Nikasema ndiyo. Akafunga daftari.

Wifi akasema lake, na simlaumu, ni binti yake wa kwanza. "Sasa wifi watu watasemaje, mwaka ambao korosho imetoka hivi tumtoe mtoto kimya kimya?" Mama ndo akamjibu, tena hata hakuinua kichwa alikuwa anapukuchua kunde, "Mimi nimechezwa na ngoma za kupiga mkono, na wewe umechezwa nazo. Huo muziki wa Masasi unamfunda nani?"

Muziki ukafutwa. Mdogo wangu akataka hiyo laki tano anipe nikamalizane na yule mtu usiku ule ule, machozi yanamlenga. Nikakataa, tukabishana mpaka wifi akaenda kulala. Marejesho yangu nilishayapanga, yalikuwa yanatoka kwenye mshahara na sisi tumeshazoea kula kwenye kinachobaki. Sikuhitaji kulipiwa, nilitaka nisiongezewe tu. Nikamwambia hiyo aitunze, mtoto anaenda fomu wani Januari, ada hakuna ila godoro, ndoo, trank, sare jozi mbili na madaftari hayaokotwi. Akaiandika kwenye ukurasa mpya.

Jumatatu nikampigia mkopeshaji nikamwambia hapana, asante.

Ngoma ilikuwepo na ilikuwa ngoma kweli. Mbuzi mmoja, wamama wa kijiji wamepiga ngoma mpaka alfajiri, mwali katoka na khanga mpya doti, mwavuli na miwani, kapakwa mafuta anang'aa. Nilivaa kitenge changu cha siku zote na nikamtunza elfu kumi mbele za watu, noti moja, nikacheza mpaka miguu ikaniuma. Kuna waliosema, niliwasikia. Wifi alikuwa ananijibu kwa kifupi siku nzima, na mpaka leo tukikaa kuna kitu kidogo bado hakijaisha.

Rejesho la mwisho likakatwa wiki ya Krismasi. Aliponipa kadi akaniuliza tena kama sina shida ndogo ndogo, nikabandua plasta pale pale mezani kwake nikaenda moja kwa moja benki kubadilisha namba ya siri. Mkopo wa kujengea bado upo mpaka 2027, huo unakatwa huko huko juu kabla mshahara haujanifikia. Nazi bado nakuna nusu. Wali umeongezeka Jumapili.