Gorogoro ya mama

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mama hapa Free Area, Nakuru, tumeshakula, chai iko mezani, binamu yangu akaanza ile stori yake ya siku hizi. Anasema haki haiko. Hasemi haiko Kenya, hiyo hata mimi siku zingine ningekubali, anasema haiko kabisa, ati ni kitu watu walijitungia, huwezi kuiokota msituni, simba akimla swara hakuna kesi, kwa hivyo haki na huruma na utu zote ni hadithi na mtu mzima anafaa kuachana nazo. Alikuwa anaongea na uchungu na najua umetoka wapi. Mwaka huu ameshikwa mara mbili kwa makosa ambayo hakufanya, na mara zote mbili ametoka kwa kutoa kitu kidogo.

Siku hiyo sikumjibu vizuri. Nimekaa na hayo maneno wiki nzima na nataka kumjibu sasa.

Ni kweli watu ndio walitunga. Lakini na gorogoro je? Mama ameuza mahindi na maharagwe tangu niko darasa la pili, na gorogoro yake ni ile ile, mkebe wa kilo mbili, rangi ilishaisha, mdomo umekunjika upande mmoja, na chini amechora alama na msumari ndio mtu asije akambadilishia. Hiyo gorogoro haikumea kwa shamba ya mtu. Hata kilo yenyewe haikumea popote, ni watu walikaa wakakubaliana. Lakini mteja anatoka Molo, hamjui mama, mama hamjui, na anatoa pesa bila wasiwasi juu wote wawili wanaamini huo mkebe. Kuna wauzaji hubonda mkebe kwa chini ndio uingie ndani upime kidogo, na siku mteja akigundua soko yote inasikia. Sijawahi sikia hata mmoja akijitetea ati kilo ni hadithi tu.

Ama pesa. Oktoba 2019 zile noti za zamani za elfu moja zilikoma kutumika, na miezi kadhaa baadaye mama akapata moja imekunjwa ndani ya leso aliyokuwa ameweka kwa sanduku. Karatasi ni ile ile, rangi ile ile, nambari ile ile, lakini hata mandazi huwezi nunua nayo. Kilichotoka ni yale makubaliano yetu. Hiyo hainifanyi nione pesa ni uongo, inanifanya nione vitu vingi vinavyotushikilia vinasimama juu sisi tumevisimamisha, na tukiviacha hakuna mwingine atavishika.

Na haki ni ya kitambo sana. Hammurabi mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, alichongesha sheria zake kwa jiwe refu jeusi, hadi leo liko Paris kwa makumbusho ya Louvre, na mwanzoni kabisa anasema amewekwa ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Kuna sheria pale mimi husoma nikimfikiria mama: mfanyabiashara akikopesha nafaka kwa kipimo kidogo, halafu akija kulipwa apime kwa kipimo kikubwa, anapoteza vyote alivyokopesha. Miaka hiyo yote na mchezo ni ule ule wa kubonda mkebe! Sheria zenyewe hazikuwa sawa kwa wote, ukimuumiza mtumwa ulilipa kidogo kuliko ukimuumiza mtu huru. Lakini yale maneno ya mnyonge yalikuwa yameshachongwa, na neno likishachongwa mnyonge ana mahali pa kuweka kidole aseme mlisema hivi. Binamu yangu akiwa kwa ile seli alikuwa na nini kingine cha kusema isipokuwa haki? Hata kule kukasirika kwake ni kwa sababu anaiamini.

Sasa nije kwa 2008, na hii ndio sababu siwezi kunyamaza. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru sawasawa ilikuwa mwisho wa Januari, wakatangaza kafyu, showground ikajaa familia ndani ya mahema. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne na niliona venye mji unakaa watu wakiacha kuamini kwa pamoja, yaani ule mji wa simba na swara ambao binamu anausema kama nadharia, mimi niliutembelea. Kibanda cha mama kilivunjwa mchana, na watu waliobeba magunia wengine walikuwa wateja. Hakuna mtu alipima kitu siku hiyo. Gorogoro tuliikuta kwa mtaro.

Tarehe 28 Februari Kofi Annan, aliyekuja kupatanisha, akawasimamia Kibaki na Raila, wale wawili waliokuwa wanagombania urais, wakatia sahihi makubaliano ya kugawana serikali. Karatasi tena, na wino. Lakini watu waliiamini hiyo karatasi, wakaanza kufungua milango pole pole, na mama akafungua pia na gunia moja la kukopa.

Sijui ilikuwa Machi au Aprili, alikuja mwanaume fulani, akanunua nusu gorogoro ya maharagwe, akakaa tu hapo bila kuenda. Mwishowe akamwambia mama, kwa sauti ya chini sana, mama, ile siku mimi nilibeba gunia moja la mahindi hapa kwako, na sina pesa ya kulipa yote mara moja. Hakukuwa na shahidi. Hakuna polisi angemtafuta, siku hizo nani angetafuta nani juu ya mahindi. Mama alinyamaza hadi nikaogopa, halafu akachukua daftari akahesabu, gunia ni kilo tisini, kwa hivyo gorogoro arubaini na tano, bei ya Januari, si ya leo. Akaandika. Yule baba akawa anakuja Jumamosi, leo ya gorogoro mbili, leo ya moja, kuna wiki hana kitu na bado anakuja kusema hana. Na mama alikuwa anataka kila moja, nisidanganye, ikifika jioni hajaonekana alikuwa anauliza.

Alipofikisha gorogoro arubaini bibi yake akajifungua. Mama akafungua daftari, zile tano zilizobaki akazipiga mstari, akampimia na unga wa uji wa yule mama aliyejifungua, mkebe ukajaa mpaka mdomo, halafu akaongeza mkono mzima juu kama anavyoongezea kila mtu.

Hiyo gorogoro iko pale kwa mlango wa jikoni, binamu. Jumapili uliweka kikombe chako cha chai juu yake.