Nilivyodaiwa na mgonjwa wangu, na bima iliyonisimamia

Nilianza kazi ya fiziotherapia hapa Nairobi mwaka 2011, na kwa miaka yote niliyokuwa nimeajiriwa sikuwahi kuuliza nani angelipa iwapo mikono yangu ingemuumiza mgonjwa. Nilijua tu kwamba hospitali ina bima. Jumamosi nilikuwa nikienda South C na Buruburu kuwatibu watu majumbani mwao, wengine wametoka kupata kiharusi, na nikaamini kinga ile ile ya hospitali inanifuata hadi sebuleni kwa watu. Haikunifuata hata siku moja. Bima ya mwajiri ilikuwa ya kazi ya mwajiri, mahali pake, na kwa wagonjwa wake. Nimetibu Jumamosi ngapi bila kinga yoyote, nikikumbuka huishiwa nguvu.

Nilijua hayo mwaka 2021 nilipoacha ajira na kufungua kliniki yangu ndogo Ngara, orofa ya pili. Hospitali moja niliyoenda kuomba zamu iliniambia nilete kwanza cheti cha bima ya dhima ya kitaaluma, yaani inayolipa mgonjwa akikudai kwa kazi uliyomfanyia, ile ambayo sisi wa kazi hii huiita indemniti. Nilimpata wakala, nikajaza fomu nikiwa nimesimama, nikalipa. Kinga ilianza tarehe 1 Machi 2021. Sikuisoma hati, niliitia kwenye faili pamoja na leseni na risiti za kodi ya nyumba.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuihuisha, mwenzangu alinielekeza kwa broka. Tofauti yao sikuwa nikiijua: wakala huuza kwa niaba ya kampuni, broka hutafuta kwa niaba yako wewe, na wote wawili hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Dada yule aliisoma hati yangu mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi. Aliniuliza, "Una mfanyakazi?" Nikamwambia nimeajiri kijana wa kunisaidia tangu Januari. "Humu hayumo," akasema. "Akimuumiza mtu, atakayedaiwa ni wewe mwajiri, na kampuni itasema haikuambiwa." Tukamwingiza. Akaniuliza pia kama gharama za wakili zinatolewa ndani ya kiwango cha kinga au nje yake, maana kesi ya miaka mitatu inaweza kumaliza nusu ya pesa kabla mgonjwa hajapata senti. Zilikuwa ndani. Akaomba zitolewe nje, na malipo ya mwaka yakapanda kidogo. Juu ya malipo hayo kuna vitozo ambavyo hati kama yangu huwa navyo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu. Navitaja kwa sababu mwaka wa kwanza nilidhani wakala ananiibia.

Hiyo ilikuwa Machi 2022. Juni ya mwaka huo huo likatokea la Bibi.

Bibi alikuwa wa Majengo, Pumwani, umri wa miaka 71, mwenye kisukari cha muda mrefu na goti la kulia lililochakaa. Mjukuu wake alikuwa akimshika mkono ngazi zote hadi juu. Kila akifika huniulizia watoto wangu kwanza, mmoja mmoja kwa jina, ndipo tuzungumze goti. Aliniita mwanangu.

Mifuko ya joto tunayotumia hukaa ndani ya tangi la maji ya nyuzi 70 na kitu, na kabla ya kumwekea mgonjwa huviringishwa kwa tabaka sita hadi nane za taulo. Kwanza unampima hisia. Nilimpima Bibi kwenye goti kwa vichupa viwili vya kioo, kimoja cha maji moto na kimoja cha baridi, naye macho amefumba akavitaja vyote sawasawa. Sikushuka hadi kwenye muundi. Kisukari huanza kula neva za vidole vya miguu kikipanda juu, kama mtu anayevuta soksi, na jambo hilo nalijua tangu chuoni. Nilitibu goti, nikapima goti.

Kijana wangu aliufunga mfuko, mimi nikahamia kitanda cha pili. Bibi akasinzia. Mfuko ukateleza ukatua juu ya muundi, na upande ule taulo ilikuwa imekunjuka. Tulipoutoa baada ya dakika 15, ngozi ilikuwa imeiva wekundu ukubwa wa kiganja. Yeye hakuwa amesikia chochote. "Mbona umenyamaza, mwanangu?" akaniuliza. Nilimmwagilia maji ya bomba dakika 20, nikafunika kwa kitambaa safi, nikampa mjukuu barua waende hospitali jioni ile ile. Kesho yake asubuhi picha ikaingia kwenye simu: malengelenge mawili, kubwa lao kama yai la kwale.

Nilimpigia broka nikilia. Nilitaka kwenda Majengo siku ile, nipige magoti, niseme nimekosa, nilipie kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba hati yangu ina sharti la kutokukiri dhima wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na nikilivunja naweza kubaki peke yangu. Nikamuuliza kwa hasira kama anataka nimwachie mzee wa watu ateseke ili nilinde karatasi. Akanijibu jambo ambalo sijalisahau: "Nenda. Mwambie pole, mara mia ukitaka. Pole ni ya kila mtu, hata aliyejikwaa barabarani unampa pole na hukumsukuma. Samahani ndiyo ya mkosaji. Hiyo subiri kidogo."

Nilienda. Niliketi mkekani kwa Bibi, nikampa pole, nikamweleza kilichotokea kama kilivyotokea: mfuko uliteleza, taulo ilikunjuka, wewe ulikuwa umelala, kidonda cha mwenye kisukari hakipuuzwi, ni lazima kisafishwe kila siku mbili. Sikumficha neno. Kueleza ukweli wa tukio hakukatazwi na hati yoyote, na nawasihi wenzangu wasijifiche nyuma ya bima wakamkimbia mgonjwa. Kinachokatazwa ni wewe kujihukumu na kujitoza kabla wenye kulipa hawajaulizwa. Kuhusu gharama za kufunga kidonda, broka aliiandikia kampuni, na baada ya siku nne ikakubali nilipie bila hilo kuhesabiwa kuwa ni kukiri.

Jioni hiyo hiyo kliniki nilifungua faili la Bibi. Maandishi yangu ya siku ya tukio yalikuwa pale: saa, tabaka za taulo, "hisia za joto zimepimwa, goti la kulia, sawa". Kalamu ilikuwa mkononi. Nafasi ya maneno matatu ilikuwepo mwishoni mwa mstari: "na muundi pia". Nilikaa na kalamu ile kwa muda, nikaiweka chini. Nilipiga picha kila ukurasa nikazituma kwa broka usiku ule, ili hata nikishikwa na woga baadaye nisiweze kugeuza kitu.

Naye akanituma kazi moja zaidi ambayo wakati ule niliiona ya bure, kwa kuwa kidonda kilikuwa kinapona na hakuna aliyenidai: niiandikie kampuni rasmi kwamba limetokea tukio linaloweza kuzaa madai. Si kwa WhatsApp wala kwa simu. Niandike barua pepe yenye tarehe, jina la mgonjwa, lililotokea na hatua nilizochukua, kisha nisitulie hadi nipate jibu kwamba imepokelewa. Jibu lilikuja la mistari miwili. Nililichapisha.

Februari 2023 nilipata kampuni nyingine yenye masharti bora kuhusu kliniki za watu binafsi. Nikahama. Hapo ndipo nilipoielewa bima hii hasa, na naomba nieleze polepole kwa sababu wengi wetu tumeizoea bima ya gari. Gari likigongwa leo, bima ya leo ndiyo inayolipa, hata ukidai mwakani. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida haiendi hivyo. Inayojibu ni ile iliyo hai siku dai linapokufikia na ukaliripoti, mradi kazi iliyolalamikiwa ilifanyika baada ya tarehe fulani iliyoandikwa kwenye hati, tarehe ya kurudi nyuma. Ukihama kampuni na mpya ikaandika tarehe ya siku uliyojiunga, miaka yako yote ya nyuma imebaki uchi. Hati ya kwanza ya kampuni mpya iliandikwa 1 Machi 2023. Broka aliirudisha siku hiyo hiyo, ikaja ya pili imeandikwa 1 Machi 2021. Kwa sheria yetu ya ukomo wa madai, mtu aliyejeruhiwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua kesi, kwa hiyo dai linaweza kukufikia hata baada ya kuhama au kufunga. Mwenzangu aliyefunga kliniki kwenda kufanya kazi Uingereza alilazimika kununua kinga ya kufuatia, yaani ya madai yanayokuja baada ya kufunga, kwa sababu hiyo hiyo.

Barua ya wakili ililetwa Septemba 2023. Mtoto mkubwa wa Bibi alikuwa amerudi kutoka kazini Mombasa, ameona kovu, ameuliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Iliandikwa uzembe, maumivu, gharama, na siku 14 za kujibu. Sikuijibu. Niliifikisha kwa broka ndani ya saa moja.

Kampuni ya zamani ilisema kinga yangu kwake ilikwisha Februari. Kampuni mpya ikasema tukio lilijulikana kabla sijaingia kwake, na nililitaja mwenyewe kwenye fomu, kwa hiyo si lake. Kwa siku tisa nilikuwa katikati, ninatibu watu mchana, usiku silali. Kilichomaliza ubishi ni ule mstari wa pili wa jibu la Juni 2022: taarifa imepokelewa chini ya hati namba fulani. Ukishatoa taarifa ya tukio wakati hati ni hai, dai likizaliwa baadaye kutokana na tukio hilo hurudi kwenye hati ile. Kampuni ya zamani ikakubali, ikanipa wakili.

Wakili aliniambia mahakama haitauliza kama mimi ni mtu mwema. Itauliza kama nilifanya ambalo mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi wangu angelifanya, kipimo kilichotoka kwenye kesi ya Bolam ya Uingereza ya mwaka 1957 ambayo majaji wetu wangali wanaitaja. Akalisoma faili. Alisifu saa na tabaka za taulo, akanyamaza alipofika kwenye muundi. Kisha akainua fomu ya ridhaa yenye sahihi ya Bibi, kurasa mbili za Kiingereza kitupu, akaniuliza, "Huyu mama anasoma Kiingereza?"

Hasomi. Bibi anazungumza Kiswahili kitamu kuliko mwalimu yeyote niliyepata kusoma kwake, na mimi nilimpa kalamu atie sahihi kwenye lugha asiyoijua, nikamwambia "hapa, bibi". Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana. Kwangu iliwezekana kila siku. Hilo liliniuma kuliko kidonda chenyewe, kwa kuwa mfuko uliteleza lakini fomu niliichagua.

Wakili alishauri tumalize nje ya mahakama, nikakubali bila kusita. Mazungumzo yalikwenda hadi Mei 2024. Kiasi kilicholipwa siwezi kukitaja, tulitia sahihi makubaliano ya kutunza siri. Sehemu yangu ninayobeba mwenyewe kwa kila dai nililipa kwa awamu tatu, na ilinibana. Karatasi zilipokwisha nilimuuliza wakili kama sasa naweza kusema neno lile jingine. Akasema naweza. Nilikwenda Majengo, nikamkuta Bibi barazani anachambua mchele, nikamwambia, "Bibi, samahani." Akaninyooshea ungo, nikakaa, tukachambua pamoja.

Fomu yangu ya ridhaa sasa ni ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na ninaisoma kwa sauti pamoja na mgonjwa. Wenye kisukari nawapima kuanzia vidole vya miguu. Wakati wa kuihuisha bima mwaka 2025, palipoulizwa kama nimewahi kudaiwa, niliandika ndiyo nikaambatisha maelezo ya kurasa mbili. Malipo yamepanda. Kijana wangu yumo kwa jina lake, matibabu ya majumbani yamo, na tarehe ya kurudi nyuma imebaki 1 Machi 2021.