Nilivyovuka joto la Julai 2022 na pampu ya antibayotiki kiunoni

Ndugu na marafiki wameniuliza sana kuhusu hii pampu, kwa hiyo naandika, hasa kwa mlioko Uingereza mnaoambiwa mtaruhusiwa nyumbani na dawa za mshipa.

Mimi nilipata maambukizi kwenye uti wa mgongo, bakteria aina ya stafilokokasi, na ugonjwa huo kawaida yake ni kama wiki 6 za dawa ya mshipa. Nilipewa flukloksasilini, ndugu wa ile kloksasilini iliyomo kwenye Ampiclox tunayoijua wote. Shida yake inatoka mwilini haraka, kwa hiyo wodini unachomwa gramu 2 kila baada ya masaa 6, mchana na usiku, sasa nyumbani nani atakuja kukuchoma saa nane usiku? Ndo nikapewa pampu, gramu 8 zote zinakaa humo zinaingia polepole kwa masaa 24, nesi anakuja mara moja tu kwa siku kubadilisha.

Haina betri. Ni chupa ya plastiki ngumu, ndani kuna puto lililojazwa dawa, puto linajikunja lenyewe na kusukuma dawa kupitia mrija mwembamba mpaka kwenye ule mpira ulioingizwa mshipa wa mkono. Ikiwa mpya puto limevimba kama embe dodo, kesho yake nesi akija limesinyaa limeng'ang'ania kijiti cha katikati, hapo unajua dawa yote imeingia. Kwenye mrija kuna kipande kidogo unakibandika kwenye ngozi kwa plasta, hicho ndo kinaamua spidi, na kimetengenezwa kifanye kazi kwenye joto la ngozi. Kikipoa dawa inakwenda taratibu, kikipata joto inakimbia.

Ijumaa ya tarehe 15 Julai ikatangazwa tahadhari nyekundu ya joto kali, ya kwanza kabisa nchi hii, kwa ajili ya Jumatatu na Jumanne, na Leicester yetu ilikuwemo. Nyumba za huku hazina AC, zimejengwa kuhifadhi joto. Nikapiga simu kitengo cha OPAT, ndo wanaosimamia wagonjwa wanaotibiwa kwa mshipa wakiwa nyumbani, nikaomba niongee na mfamasia mwenyewe.

Yule dada alinielewesha vizuri sana, Mungu ambariki. Akasema penisilini, ndo kundi la hii flukloksasilini yangu, zikianza kuvunjika zinatoa asidi, na hiyo asidi inafanya zilizobaki zivunjike haraka zaidi, ndo maana dawa ya pampu inachanganywa na maji ya chumvi yenye sitrati asilimia 0.3, inashikilia pH, yaani kipimo cha asidi, karibu na 7. Kisha wanaipima, inakaa kwanza kwenye friji, halafu nyuzi 32 kwa masaa 24, maana ndo makadirio ya pampu inayovaliwa karibu na mwili, na mwisho wake inatakiwa isiwe imepungua zaidi ya asilimia 5. Sasa wewe fikiria, huko nje kunatabiriwa 38 mpaka 40! Dawa ikipungua nguvu huoni kitu kwa macho, maji yanabaki yale yale, wewe unajua unatibiwa kumbe bakteria anapata dozi pungufu.

Mama akapiga kutoka Tanga, akasema izungushie kitambaa kibichi, si ndo tunavyopoza mtungi. Nikamuuliza mfamasia, akakataa, barafu pia akakataa, maana ukiipoza sana spidi inashuka na kesho yake unakuta dawa imebaki. Kinachotakiwa ni kivuli na hewa. Nikakitoa kile kipochi cha kubebea pampu chini ya nguo nikakivaa juu ya gauni, kile kipande cha spidi kikabaki pale pale kwenye ngozi. Mapazia tulifunga alfajiri kabla jua halijaingia, madirisha tukafungua usiku, mchana kutwa nikakaa chumba cha chini upande usiopigwa na jua, khanga mbichi nimejifunga mimi mwenyewe miguuni. Ndani ya kipochi niliweka kipimajoto kidogo cha friji, mchana wa Jumanne kilisoma 29, na huku Coningsby, kule Lincolnshire, wanapima 40.3, rekodi ya Uingereza. Nilishukuru sana. Usiku pampu ililala juu ya kitanda pembeni yangu, usawa ule ule wa mkono, bila kuingia chini ya duveti.

Friji nalo lina mambo yake. Pampu za akiba zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, usiweke mlangoni maana sisi watu wa chai tunafungua kufuata maziwa kila saa, wala usizigusishe ukuta wa nyuma zikaganda. Na ya kesho itoe mapema ubaridi uishe kabla nesi hajafika, tena iache tu mezani, usiitumbukize kwenye maji ya moto.

Mgonjwa mwenzangu wodini aliitaka pampu kama yangu akakataliwa, alihuzunika kweli. Yeye alikuwa kwenye meropenemu, na hiyo inavunjika ndani ya masaa machache tu, hata isipopata joto kali, ikifika jioni kwenye pampu ingekuwa imeshachoka. Seftazidimu nayo ikikaa kwenye joto inatoa piridini, kitu chenye sumu. Kwa hiyo daktari akisema dawa yako haifai kwa pampu usidhani wanakubania.

Binamu yangu ni nesi huko Tanga, akaniuliza kama hizi pampu zingefaa kwetu. Mimi naona tatizo ni kwamba 32 ambayo huku ni kipimo cha maabara, kwetu mwezi wa pili ni mchana wa kawaida. Vankomaisini na sefazolini zinavumilia zaidi. Lakini kwa ugonjwa unaotibika na seftriaksoni, hiyo inachomwa mara moja kwa siku, mgonjwa anakuja na kanula yake, ule mrija mdogo wa mshipani, anachomwa, anarudi nyumbani, dawa inachanganywa pale pale ikiwa mpya. Kwa joto la pwani bado naona hiyo ndo njia salama zaidi.