Nukta mbili, sifuri

Jana jioni mtoto wa dada aliniegemea begani, akaitazama skrini yangu kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya kunionea huruma: "Mjomba, kompyuta yako imeharibika?"

Nikamwambia hapana, nzima kabisa.

"Sasa mbona haina kitu?"

Ni kweli, haina kitu. Mnaonijua mnalijua hilo. Rangi moja ya kijivu kutoka pembe hadi pembe, hakuna ikoni, hakuna mstari juu wala chini, hata saa nimeificha. Nikitaka programu nabonyeza kitufe, naandika herufi tatu, inafunguka. Nilishafungua mdomo nimweleze hayo, nikajikuta nimenyamaza. Swali hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo, niliwahi kuulizwa na mama yake, saa nane za usiku, na jibu nililompa lilikuwa la uongo.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2010. Laptopu ilikuwa ya dada, ile niliyomshawishi aachane na Windows baada ya virusi kumlia faili kwa mara ya tatu. Nilimwekea Ubuntu 9.10, mfumo wa familia ya Linux. Waliokuwepo enzi hizo wanaikumbuka GNOME 2, sura ya skrini yake: paneli moja juu, nyingine chini, kama mtu aliyevaa mikanda miwili kwa kuogopa suruali kumvuka. Dada hakuwa na ugomvi nayo mpaka siku alipoona kompyuta ya Apple ya mwenzake. Akarudi na ombi moja tu: "Nataka zile picha zijipange chini, nikipitisha mshale ziruke."

Ombi dogo. Wala halikuwa wazo geni. Safu hiyo ya picha huitwa doki, na ilikuwepo kwenye NeXTSTEP, mfumo wa kampuni ya NeXT, tangu 1989, imesimama wima upande wa kulia wa skrini, na Apple walipoinunua NeXT wakaja kuilaza chini kwenye Mac OS X mwaka 2001. Kwenye Linux kulikuwa na doki za kuchagua. Nikachagua Avant Window Navigator, kwa kifupi AWN, kwa sababu ya kitoto kabisa: jina lilinipendeza.

"Fanya unavyojua," dada akasema akienda kulala, "ila folda ya tasnifu usiiguse. Kesho saa tatu asubuhi naipeleka kuchapishwa."

Kusakinisha kwenyewe hakukuwa kazi. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kisha:

sudo apt-get install avant-window-navigator

Neno la siri, ambalo Ubuntu ile haikulionyesha hata kwa vinyota, unaandika kama mtu anayeongea na ukuta. Modemu ya USB ikakoroma, vifurushi vikashuka kimoja kimoja, nikaiwasha. Ikaja na lawama palepale: skrini hii haina kompozita. Maana yake, hakuna wa kuyachanganya madirisha ili moja lipitishe kilicho nyuma yake. Kwa hiyo badala ya ikoni kuelea kwenye picha ya nyuma, zilikuwa zimekaa juu ya ubao mweusi tii. Compiz, ambayo ndiyo ilikuwa dawa ya wengi, kadi ya picha ya laptopu ile haikuiweza. Skrini iligeuka nyeupe nikaizima haraka. Lakini Metacity, meneja wa madirisha wa kawaida, alikuwa na kompozita yake ndogo, imefichwa. Unafungua gconf-editor, programu ya kuhariri mipangilio iliyofichwa, unashuka kwenye apps, metacity, general, unatafuta compositing_manager, unaweka tiki.

Nikaweka. Ule ubao mweusi ukayeyuka. Ikoni zikabaki zinaelea chini, nikapitisha mshale, zikaruka moja baada ya nyingine. Nilirudia kupitisha mshale labda mara ishirini, peke yangu, nacheka.

Hapo mwenye akili zake angezima taa akalale.

Tatizo la gconf-editor ni kwamba ukishaingia hutoki. Ni kama kupewa ufunguo wa stoo ya mtu: kila droo unataka kuivuta. Na mimi zile paneli mbili zilishaanza kunikera, kwa nini ziwepo wakati doki ipo? Ya chini nikaibofya kulia nikaifuta. Ya juu ikakataa, maana GNOME haikukubali ufute paneli ya mwisho. Mtu mwingine angeelewa kwamba anaambiwa kitu. Mimi nikarudi stoo. Nikakuta orodha inaitwa required_components_list, na ndani yake mna majina matatu tu: windowmanager, panel, filemanager. Vitu vya lazima, jina lenyewe linasema. Nikamtoa wa katikati.

Nikatoka kwenye akaunti. Nikaingia tena.

Ile picha ya nyuma ikafunguka taratibu, nzuri, imejaa skrini nzima. Nikangoja paneli isitokee, haikutokea, nikafurahi. Nikangoja doki itokee. Haikutokea. Nikasogeza mshale chini kabisa, nikausugua pale ukingoni kama mtu anayepapasa swichi gizani. Kimya. Hapo ndipo nikakumbuka kile kisanduku kidogo kwenye mipangilio ya AWN, cha kuiambia iwake yenyewe unapoingia. Nilikiona. Nilisema nitakiweka tiki baadaye.

Sikuogopa mara moja. Nilijua Alt na F2 hufungua kidirisha cha kuandika amri. Nikabonyeza. Hakuna. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kibodi ndiyo yenye kosa. Miezi mingi baadaye nilikuja kujua kwamba kidirisha kile kilikuwa sehemu ya paneli yenyewe. Nilimfukuza mlinzi, naye akaondoka na funguo. Intaneti? Ya modemu ile ilikuwa haiungani mpaka uchague jina lake kwenye ikoni ya mtandao, na ikoni ya mtandao ilikaa wapi? Kwenye paneli. Saa ilikaa kwenye paneli. Menyu, paneli. Hata sehemu ya kuzimia, paneli. Nilibaki na mshale mmoja mweupe unaozunguka kwenye picha nzuri isiyo na mlango.

(Leo najua ningeweza kubofya kulia palepale kwenye picha, nikatengeneza njia ya mkato ya terminali, mambo yakaisha kwa dakika moja. Meneja wa faili alikuwa hai wakati wote, anasubiri tu kuulizwa. Usiku ule sikumuuliza. Nilikuwa nawaza tasnifu.)

Nikampigia jamaa yangu, yule aliyenifundisha Linux mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Akapokea kwa sauti ya mtu aliyefukuliwa.

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Umeitoa panel kwenye orodha ya vitu vya lazima?"

"Ndiyo."

"Ya lazima."

"Ndiyo, bwana."

Akavuta pumzi. "Haya. Bonyeza Ctrl, Alt na F1."

Picha ikatoweka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inaomba jina. Niliwahi kuiona kwenye maelezo ya watu lakini sikuwahi kuingia mwenyewe, na moyo ulinidunda nikidhani sasa nimeua na kilichobaki. Nikaandika jina, neno la siri, nikaingia.

"Andika export. Nafasi. DISPLAY, herufi kubwa zote. Alama ya sawasawa. Nukta mbili. Sifuri. Hakuna nafasi hapo katikati."

Nikaandika, nikimrudishia neno kwa neno. Nikabonyeza Enter. Haikusema kitu, na kwenye Linux kimya ni habari njema.

"Sasa andika gnome-panel, nafasi, ile alama ya 'na'."

Enter. Ikanitemea mstari wa malalamiko: cannot open display. Akaniambia nirudie. Nikarudia yote tangu export. Yaleyale. Akaniuliza kama nimeandika herufi kubwa. Nimeandika. Kama ni sifuri si herufi O. Ni sifuri. Mara ya tatu. Yaleyale. Akaanza kukisia makubwa, labda X, ile inayochora madirisha, imekufa, labda ni namba nyingine, hebu rudi kule na F7 uangalie kama picha bado ipo.

Nikabonyeza Ctrl, Alt, F7. Picha ipo, nzuri vilevile, tupu vilevile. Na mlangoni alikuwa amesimama dada.

"Imeharibika?"

"Hapana."

"Mbona haina kitu?"

Simu ilikuwa bado sikioni, jamaa ananiuliza nimeona nini. Nikaifunika kwa kiganja. "Nimeisafisha tu," nikasema. "Kalale, dada."

Akaniangalia. Akaiangalia skrini. Akaenda zake, na sikusikia mlango wa chumba chake ukifungwa, ila sikulitilia maanani.

Nikarudi kwenye skrini nyeusi. "Hebu nisomee hilo kosa lote," jamaa akasema, "usiruke hata herufi."

"Cannot open display," nikasoma. "Halafu nukta, nukta, sifuri."

Kimya kirefu.

"Nukta, nukta?"

"Si umesema nukta mbili?"

"Zimepandana!" akapiga kelele nadhani akaamsha nyumba yake yote. "Moja juu ya nyingine! Zimepandana, ndugu yangu!"

Nikaitazama skrini. ..0. Mara tatu mfululizo, kwa uangalifu mkubwa, nilikuwa naandika nukta mbili zilizoandamana kama watoto wanaokwenda shule. Nikafuta. Nikaandika :0. Kisha gnome-panel. Nikarudi F7, na juu kabisa ya skrini ikatokea paneli ya GNOME, ina saa, inaonyesha saa nane na dakika arobaini. Sijawahi kupenda kitu kibaya kama nilivyokipenda kile.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Panel ikarudi kwenye orodha ya vitu vya lazima, kisanduku cha AWN kikapata tiki, nikatoka na kuingia mara nne kuhakikisha. Asubuhi dada alipitisha mshale kwenye ikoni, zikaruka, akasema "haya", akanakili tasnifu kwenye flashi, akaondoka.

Doki ile ilidumu mwaka na kitu. Ubuntu 11.04 ilikuja na Unity, sura mpya ya skrini, upau wake umeng'ang'ania kushoto, na mpaka toleo la 16.04 ndipo walipokubali uushushe chini. Nikahamia doki nyingine, Docky, kisha Plank juu ya Xfce, sura nyingine nyepesi ya skrini, ambako nilipoteza jioni nzima nikiuwinda mstari mwembamba wa kijivu uliokatiza skrini juu kidogo ya doki, kumbe ni kivuli chake chenyewe, kinaondoka kwa kutoa tiki moja kwenye mipangilio ya madirisha. 2017 Ubuntu wakarudi GNOME na doki yao wenyewe. Kisha Wayland ikashika hatamu mahali pa X, na doki kama Plank zilizojengwa kwa ajili ya X hazikuruhusiwa tena kuchungulia madirisha ya wenzao. Mahali fulani katikati ya hayo niliacha kusakinisha. Sikukata shauri. Siku moja niliweka mfumo upya, nikasema doki nitaiweka kesho.

Kwa hiyo jana, mtoto akiwa bado begani anasubiri jibu, nikasema lililokuja kwanza.

"Nimeisafisha tu."

Akaonekana kuridhika. Ni chumba cha pili ndicho kilichocheka. Dada alikuwa amejilaza huko na kitabu chake, nami nilidhani hata hatusikii.

"Muulize," akapaza sauti, "safari hii ametumia nukta ngapi."

Miaka yote hii. Nikageuka kuelekea mlangoni, sina la kusema, na mtoto akanivuta mkono wa shati.

"Nukta gani, mjomba?"