Majina manne kwenye sanduku la barua: tulivyohamia Ujerumani na watoto kutoka Kisumu

Kuna ajenti hapa Kisumu anayewashauri watu walipe nyumba ya Ujerumani kabla ya kupanda ndege. Usimsikilize. Tangazo la nyumba nzuri kwa bei ya kutupa, ambayo mwenyewe yuko nchi nyingine na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa dipositi, ni wizi mtupu.

Sisi tulianza na vyumba viwili vyenye fanicha, vya miezi michache. Kabla hata ya kuuliza kodi, tulimwuliza mwenye nyumba kama atatusainia Wohnungsgeberbestätigung, yaani fomu ya kuthibitisha kwamba tumehamia kwake. Mkataba wa kupanga hautoshi. Bila fomu hiyo hujiandikishi manispaa, na sheria inakupa wiki mbili tu tangu uhamie. Wenye nyumba za wageni wengi hukataa kusaini, kwa hivyo pata jibu kwa maandishi kabla pesa haijatoka.

Sasa utamu wenyewe. Ukishajiandikisha, kila mtu nyumbani, hata mtoto anayenyonya, hutumiwa nambari yake ya ushuru, kama PIN ya KRA, ila hii huja kwa barua. Sisi tumezoea S.L.P. ya shule au ya kanisa. Kule tarishi huja hadi mlangoni na kusoma majina kwenye sanduku. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Na majina ya Wajaluo unayajua: baba Ochieng', mama Akinyi, kifungua mimba Odhiambo, mdogo wake Atieno. Kwa tarishi wa Kijerumani hao ni watu wanne wasiojuana! Barua ya baba ilifika, za watoto zikapotelea njiani, na ofisini jibu lilikuwa lile lile: tulishatuma. Dawa ilikuwa kipande cha karatasi na selotepu pana: majina yote manne kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye paspoti, juu ya sanduku na kwenye kengele. Kisha tukaomba nambari zitumwe upya.

Usidharau jambo hili, kwa sababu nambari ya mtoto ndiyo inayofungua Kindergeld, pesa ya serikali ya kulea watoto. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, na ukichelewa kuomba hulipwa malimbikizo ya miezi sita tu.

Shule haikuwa na maneno mengi. Beba kitabu cha kliniki chenyewe. Tangu Machi 2020 sheria inataka ushahidi wa chanjo mbili za surua, na huku kwetu ile ya miezi 18 ndiyo wazazi wengi huisahau. Kazi nayo, mwenzi aliyeingia kwa viza ya familia anaruhusiwa kufanya bila kuomba kibali kingine.

Ukitafuta nyumba ya kudumu, dipositi haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu maji na joto, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Usishangae kukuta jikoni hakuna sinki, kabati wala jiko, nyaya za taa zikining'inia bila balbu. Mpangaji anayetoka mara nyingi hutaka kuuza vyake. Kata bei bila huruma, maana asipouza atalazimika kuvibomoa na kuvibeba mwenyewe.