Ukija Lushoto, usiishie Irente

Nyumba aliyotuachia marehemu baba ipo juu ya Lushoto mjini, ukishika njia ya Magamba. Ina vyumba vitatu, bati jekundu, na dohani tunayoiwashia moto kila jioni kuanzia Juni mpaka Agosti. Siku hizi tunapokea wageni, wengi wao kutoka Dar es Salaam. Karibu wote wanafanya jambo moja linaloniuma: wanafika Jumamosi mchana, wanakwenda Irente kupiga picha pale mwambani, Jumapili asubuhi wanashuka.

Wanashuka Jumapili, siku ya gulio! Wanapishana njiani na kina mama wanaoteremka kutoka vijijini na vikapu vya mapeasi, plamsi, karoti na viazi.

Sisemi Irente haifai. Ukifika ukingoni ardhi inakatika ghafla, na huko chini, kiasi cha mita 1,000, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Lakini nenda kwa miguu. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, njia inapita katikati ya migomba na nyumba za watu, na kila unayekutana naye anakusalimu. Mjibu. Ukiweza kusema "onga mshi", salamu ya Kishambaa, utaona uso unavyokunjuka. Wakati wa kurudi pitia shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ununue jibini na mkate mweusi. Mimi sijapata jibini ninayoipenda kama ile.

Wageni wangu huwa nawaambia waanze kutazama tangu Mombo. Pale unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na kupanda kilomita 33 za kona, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine. Joto la Mombo unaliacha nyuma kona baada ya kona, na ukikaribia Soni watu wameshaanza kufunga vioo. Maporomoko ya Soni unayaona ukiwa bado ndani ya gari. Shuka. Soni si mahali pa kupita tu, maana hapo ndipo penye njia ya Vuga.

Vuga leo ni kijiji kilichotulia juu ya kilima, na mgeni asiyeelezwa anaweza kuondoka bila kujua alikanyaga wapi. Hapo ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Kishambaa, ukoo wa Wakilindi. Baba alikuwa akitusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, nyama akaigawa. Watu wakampenda, wakamfanya mtawala wao, wakamwita Simba Mwene. Mjukuu wake wa baadaye, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka milimani huku mpaka pwani ya Pangani. Mmisionari Mjerumani, Krapf, alipanda kuja kumwona mwaka 1848, akarudi tena 1852. Kila nikifika Vuga nasimama kimya kidogo. Inaniumiza kwamba watoto wetu wanajua kuwa Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, lakini Vuga hawajaisikia.

Nyuma ya nyumba yetu ni msitu wa Magamba. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, ingia mapema kabla ukungu haujapanda. Mbega weusi wenye mikia myeupe utawasikia kabla ya kuwaona, matawi yanavyotikisika. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kinyonga mwenye pembe mbili puani. Yeye ameshazoea kumtafuta. Macho yako peke yako yatampita mara kumi. Nilipokuwa mdogo niliamini Mbegha na mbega ni ndugu, na baba hakunisahihisha.

Wenye siku moja ya ziada nawashauri waende Mtae.

Mtae ni mwisho wa milima yetu ya Usambara upande wa kaskazini, kilomita 60 hivi kutoka Lushoto. Njia inapita Lukozi, ambako mboga zinapakiwa kwenye malori ya kwenda mjini. Kijiji kimekaa mgongoni mwa mlima, mteremko huku na mteremko huku. Mara ya kwanza nilifika saa sita mchana, ukungu umefunga kila kitu, sikuona hata paa la nyumba ya jirani. Nikalala. Bibi mwenye nyumba alinipa blanketi la pili bila kuniuliza, na saa kumi na moja na nusu alfajiri akagonga mlango: "Mwanangu, amka, pamefunguka."

Nikatoka na khanga mabegani. Chini ilikuwa nyika ya Mkomazi yote, bado ya kijivu, na mbali kaskazini-magharibi, juu ya mawingu, Kilimanjaro. Bibi alisimama kando yangu na kikombe cha chai ya tangawizi, akaniwekea mkononi, kisha akaenda kuwafungulia mbuzi wake.