Nilivyoyamudu maneno ya Kiingereza ya njia na mapito

Neno "passage" lilinipa kazi kuliko mengine yote. Ukilifungua kwenye kamusi unakuta ujia wa ndani ya jengo, safari ya meli, kifungu cha habari kwenye mtihani, kupita kwa wakati, kupitishwa kwa mswada bungeni, mpaka njia ya hewa puani. Kuyakariri hayo yote ni kujitesa bure. Mimi nilianza kujiuliza swali moja tu kila nilipokutana nalo: hapa kinachopita ni nini? Jengoni wanapita watu, puani hewa, bungeni mswada. Kifungu cha habari nacho ni pale macho ya msomaji yanapopita.

Swali hilo likanifungulia "course", linalotokana na neno la Kilatini la kukimbia. Mto una "course" yake, meli pia, masomo pia, na mlo mrefu huja "course" baada ya "course": supu, kisha nyama, kisha kitamutamu. Daktari akikuambia umalize "course" ya dawa, anataka mfululizo wote hadi kidonge cha mwisho, hata kama umeshapata nafuu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo inapolipa hasa kulijua neno hadi kwenye mzizi.

"Road" na "street" nilizitenganisha kwa asili zake. "Road" ni ndugu wa "ride", yaani kwenda juu ya farasi, safari ya kutoka mji hadi mji. "Street" limetoka kwenye Kilatini cha njia iliyosakafiwa, na huwa na nyumba kandokando. City of London, ile sehemu kongwe ya London, haikuwa na njia yenye jina la "Road" hadi 1994, mipaka iliposogezwa na kipande cha Goswell Road kikaingia ndani. Tangu nisome hilo sijazichanganya tena.

"Way" lina tabia nyingine: maana inabebwa na kijineno kilichotangulia. Aliye "on the way" anakuja. Aliye "in the way" amekuzibia. Kiswahili kinaweza kusema "yuko njiani" kwa wote wawili, kwa hiyo hapa mzizi hausaidii kitu. Haya nayaandika daftarini kama sentensi nzima, kisha nayasoma kwa sauti.